UZI: Mafunzo mseto ya kazi ya timu wodi ya wazazi. Kipi kiende kwenye simu, kipi kifanyike kitandani?

#1 MkungaMfawidhi

Wakuu, habari za jioni. Naomba mchango wa wanaolijua jambo hili kwa vitendo.

Ni wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya: wakunga na wauguzi 22, madaktari 5, watu wa dawa ya usingizi 3, maabara 4. Zamu ni 3 kwa siku. Lengo ni moja tu: mama akivuja damu baada ya kujifungua, walio zamu wafanye kazi kama timu. Mmoja mmoja ukimuuliza mezani, anajibu vizuri. Wakikutana wanne kitandani mambo yanavurugika: dawa inaagizwa hewani bila kutajwa wa kuileta, wawili wanakimbilia kabati moja, na hakuna anayeandika muda.

Kuwatoa wote siku 3 kwenda semina haiwezekani. Nataka mafunzo mseto, sehemu kwenye simu na sehemu wodini. Maswali yangu:
1. Nini kiende kwenye simu, nini kisiende?
2. Zoezi lifanyweje bila mdoli wa bei kubwa?
3. Nitajuaje kwamba timu imebadilika kweli, na si watu wamefurahia mafunzo?

#2 Mkufunzi_Kitandani

Mkuu, umeligusa penyewe: wanajua mmoja mmoja, hawajui pamoja. Kwa hiyo usianze kwa kuwafundisha upya kuvuja damu. Simu iwape maneno na nafasi, kitanda kiwape mazoea ya kuyatumia maneno hayo wakiwa na haraka. Ukigeuza, ukaweka "ushirikiano" kwenye slaidi 40 za simu, utapata watu wanaoweza kueleza ushirikiano na bado wanakimbilia kabati moja.

Kwenye simu weka vipande 4, kila kimoja dakika 5 hadi 7, ndani ya wiki 2. Visizidi.

Kipande cha 1 ni lini tunaita. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2025 umeweka wazi: damu ml 500, au ml 300 ikiambatana na dalili yoyote mbaya kwenye mapigo ya moyo au presha. Hapo hakuna kusubiri mkubwa aje kuthibitisha. Mkunga aliyeona ndiye anayeita.

Kipande cha 2 ni kifurushi kizima: kukanda mji wa mimba, oksitosini (dawa ya kukaza mji wa mimba), asidi ya traneksamiki (dawa ya kusaidia damu kuganda) gramu 1 kwenye mshipa kwa dakika 10, dripu, na uchunguzi wa kutafuta chanzo. Yote yanaenda kwa pamoja, si moja likishindwa ndipo lingine lianze. Waelezeni sababu. Utafiti wa E-MOTIVE uliochapishwa 2023, uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ulionesha kwamba kupima damu kwa plastiki yenye alama na kutoa kifurushi kwa mkupuo kulipunguza kwa asilimia 60 jumla ya kuvuja damu kukubwa, upasuaji wa tumbo kwa sababu ya kuvuja, na vifo vitokanavyo. Dawa zenyewe hazikuwa mpya. Kilichobadilika ni watu kupima, kuita mapema na kufanya yote pamoja. Mtu wa zamu akilielewa hilo, atakuja kwenye zoezi kwa moyo.

Kipande cha 3 ni nafasi: kiongozi, wa kukanda, wa dawa na mshipa, mwandishi, mkimbiaji.

Kipande cha 4 ni sauti tupu: rekodi 2 za tukio lile lile, moja maagizo yametupwa hewani, nyingine yametajwa jina na kujibiwa. Swali moja tu: "Katika rekodi ya kwanza, nani alikuwa anakwenda kuchukua oksitosini?" Jibu ni kwamba haijulikani. Hilo linafundisha kuliko aya 10.

#3 ZamuYaUsiku

Nafasi 5 ni nzuri kwenye karatasi. Usiku tunakuwa 2. Hapo mtasemaje?

#4 Mkufunzi_Kitandani

Swali la haki kabisa, na mafunzo mengi hufa hapo kwa sababu yametungwa kwa ajili ya zamu ya asubuhi.

Mkiwa 2: wa kwanza hatoki kitandani. Anakanda, anaita kwa sauti, na ndiye kiongozi. Wa pili anapiga simu kwanza, sekunde 20 tu, kabla ya kugusa dawa, kwa sababu kila msaada unaokuja unahesabu muda kutoka kwenye simu ile. Kisha analeta kisanduku cha dharura, anachoma oksitosini, anafungua mshipa. Uandishi haufi: bandikeni plasta pana kwenye reli ya kitanda, na kalamu ya wino mzito iwe imefungwa kwa kamba hapo hapo. Kila dawa, saa na herufi moja: O ya oksitosini, T ya traneksamiki, D ya dripu. Faili litajazwa baadaye kutoka kwenye plasta.

Mkiwa 3, wa tatu ni mwandishi na mkimbiaji. Kiongozi asiyeshika kitu, anayesimama miguuni mwa kitanda akiona kila mtu, awepo kuanzia watu 4.

Mazoezi ya zamu ya usiku yafanyike na watu 2, usiku. Ukiwaleta asubuhi wajiunge na wenzao 6 unawafundisha kazi ambayo si yao.

#5 Usingizi_Salama

Niongeze kwenye kauli, maana hapa ndipo dawa zinapopotea.

Agizo kamili lina vitu 4: jina la mtu, dawa, kipimo, njia. "Neema, oksitosini, yuniti 10, msuli." Neema anarudisha neno: "Oksitosini yuniti 10 msuli, naichukua." Akimaliza: "Oksitosini yuniti 10 imeingia." Kiongozi anafunga: "Sawa, imeingia." Yaani agizo, kurudisha, taarifa, kufunga. Wengi hufanya mawili ya kwanza, taarifa ya mwisho inasahaulika, na dakika 5 baadaye mtu anauliza "ile oksitosini mlichoma?" na hakuna mwenye uhakika.

Makosa mawili yanayojirudia:

La kwanza ni kuagiza kwa ampuli. "Leta traneksamiki moja." Ampuli nyingi zilizopo zina mg 500 kwenye ml 5, kwa hiyo gramu 1 ni ampuli 2. Ukisema "moja" bila kipimo, mwenzio anachoma nusu dozi na wote mnaamini imekamilika. Sema gramu. Anayerudisha neno aseme "gramu 1, ampuli 2".

La pili ni saa. Sisi tunasema saa tatu usiku, faili linataka 21:04. Kwenye purukushani mwandishi anaandika 3:04, na anayesoma kesho anaona saa tisa za usiku. Wekeni kanuni: mwandishi anasoma tarakimu zilizo kwenye saa ya ukutani iliyowekwa mfumo wa saa 24, na anazitamka hivyo hivyo: "ishirini na moja, sifuri nne". Mwanzoni masikio yatagoma. Baada ya mazoezi machache inazoeleka.

#6 KalamuNyekundu

Nawaheshimu, ila sehemu ya simu mimi naiona ni kupoteza muda. Watu wanabofya "endelea, endelea", majibu ya jaribio yanasambazwa kwenye grupu, wote 100%. Wakija kitandani hakuna kitu. Si bora mazoezi tu?

#7 Fundi_Mitandao

Unachosema hutokea, tena mara nyingi. Lakini sababu yake inajulikana: jaribio lenye alama na cheti ndilo linaloalika kunakili. Ondoa alama. Tiketi ya kuingia kwenye zoezi iwe maswali 2 ya mdomo pale pale kitandani, kwa mfano "ml 300 na mapigo 118, unafanya nini?" Asiyejua anaelezwa na mwenzake kwa dakika 1, zoezi linaanza. Hakuna aibu, na hakuna faida ya kunakili.

Ukiacha simu kabisa, zoezi la dakika 30 linaliwa na maelezo dakika 20. Simu inanunua muda wa kitandani, ndiyo kazi yake.

Upande wa kiufundi:
- Video ya dakika 3 kwa ubora wa 240p ni kama MB 7. Ile ile kwa 720p inaweza kuzidi MB 40. Watu wananunua bando kwa fedha zao, hivyo tuma ndogo. Sauti tupu ni bora zaidi kwa kipande cha 4.
- Moodle, mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni, ni ya bure na programu yake ya simu inaruhusu kupakua somo ukiwa kwenye Wi-Fi ya hospitali na kulisoma bila mtandao. Kama hakuna wa kuisimamia, usijitese: WhatsApp na faili 4 zenye majina yanayoeleweka inatosha kwa watu 34.
- Grupu la mafunzo liwe peke yake, lisichanganywe na la ratiba za zamu. Picha ya mgonjwa, jina au namba ya faili haviingii humo hata mara moja. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina yake ya 2019. Mama aliyekuja kujifungua hakuja kuwa somo la grupu.
- Usitume somo kwa anayetoka zamu ya usiku asubuhi ile ile. Atalifungua kwa usingizi au hatalifungua kabisa. Mpe siku yake ya pili ya mapumziko.

#8 BintiWaPwani

Hamjambo nyote. Naandika kutoka upande wa Kenya. Mmezungumza kuhusu agizo linaloshuka, kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Je, neno linalopanda? Mkunga wa mwaka wa kwanza anaona daktari anaendelea kushona na damu chini ya kitanda inazidi. Atasemaje?

Maana adabu yetu ina njia zake. Atasema, "Samahani daktari, sijui kama umeona, labda tungeangalia damu kidogo…" Sentensi nzima imejaa heshima, na hatari imefichwa katikati. Daktari mwenyewe hana ubaya, hakusikia hatari.

Wenzetu wa ndege waliilipia somo hili. Tenerife, 27 Machi 1977, ndege mbili za Boeing 747 ziligongana kwenye njia ya kurukia na watu 583 wakafa. Ndani ya chumba cha marubani cha ndege iliyokuwa inaondoka, mhandisi wa ndege aliuliza kama ile nyingine haijatoka njiani. Rubani mkuu akajibu kwa uhakika kwamba imetoka, safari ikaendelea. Shaka ilikuwepo, ila ilitamkwa kama swali. Baada ya ajali kama hizo sekta ya ndege ikaanza kufundisha timu kusemezana, na hospitali zikafuata: Marekani ilitoa mpango wa TeamSTEPPS mwaka 2006, na humo kuna ngazi 3 za kusema. Kwa Kiswahili chetu zinakaa hivi:

"Daktari, nina wasiwasi: damu imefika ml 600."
Asiposikia: "Daktari, sina amani na hili. Damu inaendelea."
Ngazi ya mwisho: "Daktari, hili ni la usalama wa mama. Naomba tusimame."

Tazameni, heshima haijaondoka. "Daktari" limetangulia, "naomba" lipo. Kilichoondoka ni "labda", "kidogo" na "sijui kama". Na namba imeingia. Namba haina cheo, hakuna anayeweza kusema umemkosea adabu kwa kusema ml 600.

#9 Mkufunzi_Kitandani

Bi BintiWaPwani, ahsante sana, hili linastahili kubandikwa ukutani.

Niongeze sharti moja: ngazi hizo hazifanyi kazi kama wakubwa hawajajifunza kuzipokea. Kwenye zoezi, mwambie daktari pembeni, kwa siri, aendelee kushona kwa makusudi hadi asikie ngazi ya tatu. Kisha jibu lake lifundishwe pia, na ni moja: "Ahsante, nasimama." Halafu ndipo maelezo. Daktari akijibu "najua ninachofanya" mbele ya watu, hata kwenye zoezi, umepoteza miezi 6 ya kazi na zamu nzima.

Ndiyo maana madaktari wasipokuja, ahirisha zoezi. Timu inayofundishwa bila daktari, mtu wa usingizi na maabara ni kada moja inayojisemea yenyewe.

Sasa swali la 2, zoezi lenyewe.

Vifaa: mtu mmoja mwepesi wa kuigiza awe mama, amelala na nguo zake kamili. Dripu 2 tupu za ml 500 zijazwe maji yenye rangi nyekundu ya chakula, zifichwe chini ya shuka pembeni ya paja. Mrija wa kawaida wa dripu hautoshi, unatoa polepole mno. Tumia mrija mnene wazi wenye kibano, uweze kufikia ml 100 kwa dakika. Chini weka plastiki yenye alama za kipimo. Kama hamna, tumia pedi na mizani ya jikoni: pima pedi kavu, pima iliyolowa, toa, gramu 1 hesabu ml 1. Dawa ni ampuli tupu zilizojazwa maji.

Kila kitu cha zoezi kibandikwe ZOEZI TU kwa wino mwekundu, kihesabiwe kikiingia na kikitoka, na kikae kwenye ndoo yake. Ampuli ya maji ikibaki kwenye kabati la kweli ni hatari kwa mama wa kesho. Sisemi hili kwa kutia chumvi. Ndilo kosa baya kuliko yote kwenye mazoezi ya wodini.

Neno la kukatisha: "Zoezi basi." Mgonjwa wa kweli akihitaji mtu, yeyote analitamka, wote wanaacha. Wagonjwa na ndugu waliopo waambiwe kabla, wasije kuona damu ya rangi wakashtuka.

Muda: zoezi dakika 10, mjadala dakika 20. Si kinyume chake. Watazamaji ni 2: mmoja ana saa, mwingine anahesabu maagizo na marudisho kwa vijiti kwenye karatasi. Kama nafasi ipo, weka mtu wa kuigiza mama mkwe mlangoni anayeuliza "mwanangu ana nini?" Timu isiyompangia mtu wa kumjibu inapoteza mkimbiaji wake hapo, kila mara.

#10 ZamuYaUsiku

Mjadala ndio unaotutisha wengi. Unageuka kesi.

#11 Mkufunzi_Kitandani

Unageuka kesi pale mwongozaji anapoanza na "kwa nini hukufanya…". Mpangilio unaosaidia ni huu. Dakika 2 za kupumua: kila mtu neno moja la alivyojisikia. Kisha mtazamaji anasoma namba bila maoni: "Wito dakika ya 1. Oksitosini dakika ya 4. Maagizo 11, yaliyorudishwa 5." Baada ya hapo mwongozaji anauliza timu, hamuulizi mtu: "Kati ya dakika ya 1 na ya 4 kulikuwa na nini?" Anyamaze. Ukimya wa sekunde 10 unachoma, ila ndani yake mtu atasema "funguo za friji zilikuwa kwa mfawidhi". Hilo ndilo ulilokuwa unalitafuta. Oksitosini inakaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, friji ikifungwa na funguo zikiwa mfukoni mwa mtu aliyekwenda kula, hakuna ushirikiano utakaoifungua.

Dakika 5 za mwisho: badiliko moja, mwenye kulifanya, na siku. Moja tu. Mkiandika 7 halitafanyika hata moja.

Anayeongoza mjadala asiwe ndiye anayejaza tathmini za watumishi. Na kilichosemwa hapo hakiendi kwenye faili la mtu.

#12 Usingizi_Salama

Swali la 3, kujua kama timu imebadilika. Dodoso la "mafunzo yalikuwaje" ni la adabu tu, watu wataandika "mazuri sana". Pima vitu 3, kwenye zoezi na kwenye matukio ya kweli kupitia plasta ya kitandani: dakika kutoka ml 500 (au 300 yenye dalili mbaya) hadi oksitosini, dakika hadi traneksamiki, na maagizo mangapi kati ya yaliyotolewa yamerudishwa. Cha tatu ndicho kipimo cha timu chenyewe. Kikipanda na dakika zisipungue, tatizo lenu ni vifaa au funguo. Dakika zikipungua na marudisho yakabaki chini, kuna mtu mmoja hodari anayeibeba zamu, na siku akiwa likizo mtaanguka.

Na wanaohamia chumba cha upasuaji: fomu ya usalama ya WHO ina vipengele 19 katika vituo 3, kabla ya usingizi, kabla ya kisu, kabla ya kutoka. Ilijaribiwa kwenye hospitali za miji 8 duniani, mmojawapo Ifakara, na matokeo ya 2009 yalionesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kipengele cha kwanza cha kituo cha pili ni kila mtu kutaja jina na kazi yake. Msikiruke. Huwezi kusema "Neema, oksitosini" kama humjui Neema.

#13 MkungaMfawidhi

Nawashukuru mno. La mwisho: nimeona mafunzo yanachangamka mwezi mmoja kisha yanapoa. Na watumishi wapya na wa mafunzo kwa vitendo wanaingia kila mara. Nirudie vyote?

#14 Mkufunzi_Kitandani

Hapana. Zoezi kamili mara 1 kwa miezi 3 kwa kila kundi la zamu. Katikati, dakika 10 kila wiki wakati wa kukabidhiana zamu, kwani hapo watu wa zamu mbili wamekutana tayari: kipande kimoja tu, bila damu ya rangi. Wiki hii maagizo na marudisho kwa dawa 3. Wiki ijayo kufungua kisanduku cha dharura na kuhesabu kilichomo. Inayofuata ngazi 3 za kusema, mdogo kuliko wote ndiye anaanza. Siku hiyo hiyo jioni tuma kwenye grupu swali moja la sauti linalohusu kipande hicho.

Mgeni anatumiwa vipande 4 siku anayoripoti, na zoezi lake la kwanza awe mwandishi. Mwandishi anasikia kila agizo, anaona kila nafasi, na analazimika kuuliza kwa sauti: "Kipimo gani? Imeingia?" Akizoea kuwauliza wakubwa hayo, ngazi 3 hazitamtisha. Zoezi la pili mpe dawa. Uongozi mpe la tatu, hata kama daktari yumo chumbani.

#15 ZamuYaUsiku

Mkuu MkungaMfawidhi, anza na sisi wa usiku, wawili wawili. Plasta na kalamu hazihitaji bajeti. Na zile funguo za friji zifungwe kwenye kamba ndefu ukutani kabla ya zoezi la kwanza.